Mdomo Uliokwenda Uingereza

Voi, 2 Machi 1997

Kwako mke wangu mdogo Sumayya,

Assalaam alaykum, na baridi ya huko ikuogope. Sisi huku tu wazima, ila magoti ya nyanyako Saadiya, ambayo akiinuka yanalia kama bawaba za geti. Ami yako Ayub ameongeza chumba cha pili dukani, na tangu siku hiyo hatembei, anaelea. Mkewe Rayhana amezaa mtoto wa kike mwenye kelele za kutosha mtaa mzima. Mvua hakuna. Ndovu waliingia ranchi ya Ndara wakamaliza maji ya ng'ombe, na ng'ombe wakaja mnadani wamechoka kama waliotoka Kishushe kwa miguu.

Sasa tuje kwenye lako. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na miwani. Katika miaka yangu sabini na moja nimeombwa mengi: mahari, radhi, na kura, tena na watu ambao sikuwaona tena. Lakini mjukuu kuniandikia kutoka Ulaya, "Babu, naomba mdomo wako," hilo ni geni hata kwangu.

Kama nimekuelewa (na kumbuka shule niliiacha darasa la nne, mwalimu aliposema dunia inazunguka nikamuuliza mbona chai haimwagiki), mnatengeneza ndani ya kompyuta mdomo na koo la mtu, ulimi wake, kaakaa lake, mpaka kule chini sauti inakotokea, kisha huo mdomo wa kompyuta unasema. Na mdomo mlio nao ni wa Mwingereza mmoja tu, aliyelala ndani ya mashine ya picha akasema aaa na ooo. Na huyo profesa wako Donald anasema mdomo huo mmoja watosha ulimwengu mzima. Mswahili, Mdawida, Mchina, kwa wote apunguzwe au arefushwe Mwingereza yule yule kidogo tu, kama fundi na suruali. Wewe ukambishia mbele za watu. Sasa umepewa mpaka tarehe kumi na saba Oktoba: ulete mdomo wa mtu mwingine na sauti ya mtu huyo huyo, jopo lione vinakubaliana. La sivyo, utamaliza masomo yako kwa mdomo wa Mwingereza, na wako uufunge.

Umefanya vyema kumbishia. Kwetu mtu hapimwi kwa suruali ya jirani. Plasta ya meno utapata. Sauti, hiyo tutaona. Siku hizi kengele ya mnada nimemwachia Mwanzia, mwenzangu tangu mwaka wa sitini na sita, yule Mkamba mfupi unayemjua. Ni vumbi tu. Vumbi limezidi Voi.

Na usipige simu dukani kwa Ayub kunitafuta. Simu zaniudhi. Andika.

Mumeo usiyemtaka,
Bwanaheri, dalali


Uingereza, 28 Machi 1997

Babu mpenzi,

Shikamoo, mume wangu mwenye wivu. Barua yako niliisoma kwenye foleni ya chakula nikacheka mpaka watu wakasogea. Mimi mzima. Theluji imeyeyuka na sasa ni matope tu, kwa hiyo najisikia niko nyumbani msimu wa mvua. Mpe Nyanya pole ya magoti, na umwambie yale mafuta ya karafuu niliyopewa nimemaliza.

Umenielewa kuliko wenzangu wengi. Fikiria bomba lililopinda. Linaanzia kooni, kwenye nyuzi mbili za sauti, na kuishia midomoni. Tunalikata vipande arobaini kama mkate wa boflo, tunapima upana wa kila kipande, tunaiambia kompyuta. Ukisema "i" ulimi unabana bomba mbele, ukisema "a" unalibana nyuma. Kompyuta inapiga hesabu: hewa ikipita katika bomba la umbo hili, itatoa mlio gani? Kama vipimo ni vyako na sauti ni yako, milio lazima ikubaliane. Hakuna njia ya kuibembeleza.

Naomba plasta ya meno ya juu na kaakaa, fundi yeyote wa meno ataiweza. Ikiwezekana, na picha ya eksirei ya kichwa na shingo iliyopigwa kutoka ubavuni. Halafu kaseti. Sema a, e, i, o, u, kila moja kwa pumzi moja, kisha uza mbuzi mmoja kama unavyouza mnadani.

Wengine wameniuliza kwa nini wewe. Kwa sababu sauti yako niliijua kabla sijajua kusoma. Nilikuwa darasani ng'ambo ya reli nakusikia unauza fahali, mwalimu anangoja umalize ndipo aendelee na hesabu.

Siku ya Idd nilipiga simu kabla barua yako haijanikataza. Ami Ayub akasema umelala. Babu, saa tano asubuhi, siku ya Idd?

Mjukuu wako,
Sumayya


Voi, 4 Mei 1997

Mke wangu mwenye maswali,

Salamu kutoka kwa wote, na hasa kutoka kwa mtoto wa Rayhana ambaye husalimu mtaa mzima kila alfajiri. Mvua ilinyesha siku mbili ikakumbuka ina shughuli kwingine. Nyanyako asema mafuta ya karafuu yapo, njoo uyachukue mwenyewe.

Mdomo wangu unakuja. Fundi wa meno tuliyempata ni Makau, nyuma ya stendi, mwenye kiti kimoja na redio mbili. Mwanzia alinisindikiza, akamweleza shida yetu tangu mwanzo, maana yeye apenda kueleza. Makau akakoroga unga wa waridi ukawa donge baridi kama uji wa jana, akanishindilia kinywani.

"Mzee, pumua kwa pua," akasema.

"Usimtoe haraka," Mwanzia akamwambia. "Tangu sitini na sita nangoja dakika tano za huyu mtu akiwa kimya."

"We Mwanzia, anacheka, itaharibika!"

"Basi weka nyingine. Mimi sina haraka."

Ya kwanza ilitoka na kicheko changu ndani yake, tukaitupa. Ya pili ndiyo hii. Pengo la juu kushoto ni la mwaka wa sabini na nne. Fahali mmoja wa Mahoo alinipiga kichwa nikiwa katikati ya kuwatangazia watu upole wake.

Picha ya shingo ninayo tayari. Usiniulize nimeipata wapi. Mtu mzima ana vitu kabatini.

Kaseti tumeirekodi dukani kwa Ayub adhuhuri, mlango umefungwa, nyanyako amefukuza kuku. Utasikia a, e, i, o, u, kisha mbuzi mmoja akiuzwa. Mbuzi mwenyewe hayupo, lakini kwa sifa alizopewa Ayub alitaka kumnunua. Ukiona sauti imekaa kijana kidogo, ni kahawa ya tangawizi.

Kifurushi nimekipeleka posta. Karani akaniuliza ndani mna nini. Nikamwandikia kwenye fomu: mdomo. Akanitazama, akapiga muhuri.

Mpige huyo Donald, usimwonee huruma.

Bwanaheri


Uingereza, 15 Julai 1997

Babu mpenzi,

Shikamoo. Natumai magoti ya Nyanya yamepata nafuu na mtoto ameanza kulala. Hapa ni kiangazi, yaani jua linatoka na watu wanavua nguo wanalala kwenye nyasi kama waliopigwa risasi.

Kifurushi kilichukua wiki saba. Plasta yako iko mezani kwangu, wenzangu wanaisalimia kila asubuhi. Kaseti niliisikiliza peke yangu kwanza. Ulipofika kwenye mbuzi nililia, nikairudisha nyuma, nikalia tena.

Halafu nikaanza kazi, na kompyuta ikakataa. Niliweka kaakaa lako, nikaweka urefu wa koo lako kutoka kwenye picha, nikaiambia itoe "a". Ilitoka chini kuliko "a" ya kaseti. "I" vivyo hivyo, na "o". Zote zimeshuka kwa kiasi kile kile, kana kwamba bomba ni refu mno kwa sauti ile. Nikafikiri labda redio yenu inakwenda mbio. Lakini nyuma ya sauti yako friji ya soda ya Ami Ayub inavuma, na umeme wa Kenya huvuma kwa kiwango kinachojulikana. Nilipima mvumo huo. Uko sawasawa. Kaseti haina kosa.

Donald alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Unaona sasa, Sumayya? Ungeanza na mdomo tulio nao, taabu hii usingeipata."

"Nipe muda," nikamwambia.

"Unao. Mpaka Oktoba kumi na saba."

Babu, picha ile ya shingo ni yako kweli? Plasta haikubadilishwa na ya mtu mwingine kwa Makau? Nisaidie. Miezi mitatu tu imebaki, na nikishindwa, mdomo wa yule Mwingereza ndio utakaokusemea wewe na sisi sote.

Sumayya


Voi, 10 Agosti 1997

Sumayya,

Salamu. Sote wazima. Mtoto ameota jino.

Picha ni yangu. Plasta ni yangu, pengo si unaliona? Hiyo kompyuta yenu ni mwongo. Mimi nimeuza mifugo miaka thelathini na moja, na mnyama akikataa kupita, sijapata kumlaumu mnyama kwa urefu wa mlango. Pima tena.

Mvua bado.

Bwanaheri


Uingereza, 29 Agosti 1997

Babu,

Shikamoo, na salamu kwa Nyanya na wote.

Nimepima tena. Safari hii niligeuza hesabu. Badala ya kuipa kompyuta mdomo na kuiuliza sauti, niliipa sauti nikaiuliza mdomo. Ikaniambia koo la mwenye sauti hii ni fupi kuliko lako kwa sentimita moja na nusu. Yaani mtu mfupi, shingo fupi. Babu, namjua mtu mmoja mfupi, shingo fupi, ambaye tangu utotoni mwangu alikuwa akikuiga nyuma ya mlango mpaka Nyanya anaitika na kuteka maji ya kuoga. Masikio yangu yamedanganyika. Nimemlilia Mzee Mwanzia mara mbili!

Utani kando. Picha ya shingo ina tarehe pembeni: Januari 1997. Siku zile mliniambia umekwenda Mombasa kufunga Ramadhani. Sikuuliza, kwa kuwa ulinikataza. Sasa nauliza.

Siwezi kusimama mbele ya jopo na mdomo wa mtu mmoja na sauti ya mwingine nikaapa ni mtu mmoja. Nikikosa sauti yako nitaukubali mdomo wa Donald, na nitamwambia alikuwa na haki. Sikulaumu. Niandikie kweli tu, hata kama ni mstari mmoja.

Sumayya


Voi, 14 Septemba 1997

Mjukuu wangu Sumayya,

Marahaba. Mstari mmoja: ni Mwanzia.

Sasa niruhusu mingine. Mwaka jana sauti ilianza kukwaruza. Nililaumu vumbi, nikalaumu sigara za Mwanzia, nikalaumu serikali. Ramadhani nikaenda Mombasa. Daktari, kitoto cha kike kama wewe, akanipitisha mrija wenye taa kooni, akaona kinyama kimeota juu ya uzi mmoja wa sauti. Akakikata, na uzi ukaenda nacho. Nilipozinduka akaniambia, "Mzee, uhai tumeuokoa. Ila sauti ile haitarudi." Nikaomba kalamu nikamwandikia: *Umeuza bei mbaya.*

Nilichobaki nacho ni mkwaruzo, kama jembe kwenye changarawe. Nilirudi mnadani hivyo hivyo. Nikapanda juu, nikafungua kinywa kumtangaza ndama, watu wakacheka. Si kwa ubaya, Sumayya. Walidhani ni utani wangu. Walicheka, kisha wakangoja nianze. Wamesimama pale, nyuso zimeinuka, wanangoja. Hapo ndipo nilipomkabidhi Mwanzia kengele nikashuka. Tangu siku hiyo sikusema na mtu. Nimeandika vikaratasi. Hata nyanyako nilikuwa namwandikia "chumvi".

Ulipoomba sauti nikaona heri nikupe ile unayoijua. Mwanzia alikataa siku mbili, nikamwandikia kikaratasi ambacho siwezi kukirudia kwa mjukuu, akakubali. Sikujua mna mashine inayoweza kumpima Mkamba kwa mbali hivyo.

Barua yako ya mwisho nyanyako ndiye aliyenisomea, kwani miwani nilikuwa nimeikalia. Mwanzia alikuwepo. Nyanyako akaikunja barua akanikazia macho.

"Umemfanya mtoto amlilie Mwanzia."

"Kwani mimi si mtu wa kuliliwa?" akasema Mwanzia.

"Wewe nyamaza. Umekwisha kusema vya kutosha kwenye kaseti."

"Mama Ayub, ni yeye alinilazimisha!"

"Na wewe una miaka mingapi, hata ulazimishwe?"

Wakaendelea hivyo. Nikatafuta kalamu, sikuiona. Basi nikasema, kwa kinywa changu, "Leteni redio."

Miezi minane nyanyako alikuwa hajanisikia. Alinitazama, akasema, "Kumbe ubishi hawakuukata." Akaenda kufukuza kuku.

Kaseti hiyo humu ndani. A, e, i, o, u, zote zangu, na mbuzi. Katikati ya mbuzi nimekohoa, na mahali pamoja pumzi imekwisha nikaanza upya. Sikufuta kitu. Sasa nisikilize. Hao wazee wa jopo usiwaombe radhi kwa sauti hii. Usiwaambie "zamani alikuwa na sauti nzuri". Hilo nakukataza kama babu yako. Waambie: huyu ni Bwanaheri wa Voi, mdomo wake huu, sauti yake hii. Mashine isiyomweza mtu aliyekwaruzika ni mashine ya masanamu, wakaitie dirishani mwa duka pamoja na nguo.

Bwanaheri


Uingereza, 25 Oktoba 1997

Babu yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, hiyo ya pili ni ya kaseti. Mbusu Nyanya mkono. Mwambie Mzee Mwanzia kwamba nimemsamehe na kwamba "o" yake ilikuwa nzuri sana.

Kaseti ilifika tarehe sita. Sikulia. Niliogopa, kwanza, kwamba sauti iliyokwaruzika hivyo haitapimika. Kumbe nyuzi za koo ni kama filimbi, na mdomo ni chumba inamopigiwa. Filimbi yako imepasuka, lakini chumba ni kile kile, na chumba ndicho ninachokipima mimi. Siku tatu baadaye kompyuta ilikubali.

Ijumaa ile walikuwa watano mezani. Nilipiga kaseti yako kabla ya kusema neno. Mzee mmoja mwenye kifaa cha masikio akavuta kiti mbele. Kisha kompyuta ikasema, kwa kaakaa lako na koo lako na pengo lako: a, e, i, o, u. Milio yote mitano ilikaa mahali pake. Nikauleta na mdomo wa Mwingereza, nikaupunguza, nikaurefusha, kila namna ya suruali. Akipatia "i" anakosa "a". Akipatia "a" anakosa "o".

"Lakini sauti hii ni mbovu," akasema Donald. "Ungetafuta mtu mzima."

"Profesa, huyu ni mtu mzima. Ana miaka sabini na moja, na ananikataza nisimwombee radhi."

Yule wa kifaa cha masikio akacheka. Wamenipitisha, Babu. Mdomo wako umo katika kazi yangu, sura ya nne, na hakuna atakayeutoa. Donald alinipa mkono, akasema, "Kwa sasa."

Humu kuna kaseti ya zawadi. Nimechukua mdomo wako, nikautilia nyuzi nzima, nikauuzisha mbuzi wako kwa sauti yako ya zamani. Haijakamilika, inasikika kana kwamba umo ndani ya pipa. Lakini ni wewe. Ukitaka, kila mwezi nitakutengenezea nyingine useme utakalo, na Ami Ayub atazipiga mnadani kwa spika. Hutahitaji kukwaruza tena.

Mjukuu wako,
Sumayya


Voi, 14 Desemba 1997

Mke wangu uliyewashinda wanaume watano,

Marahaba, na hongera, na hongera. Barua yako imechukua wiki tano kwa sababu mvua tuliyoiomba mwaka mzima imekuja yote kwa pamoja, ikachukua madaraja, nguzo, na choo cha Makau. Wameipa jina la kigeni, El Nino, kana kwamba ni mchezaji wa mpira. Nyanyako magoti hayasemeki. Ramadhani iko mlangoni. Habari ya sura ya nne nimemsomea imamu. Aliuliza kama ni halali mdomo kuwa nchi nyingine na mwenyewe huku. Nikamwambia akaitafute aya.

Kaseti yako tumeisikiliza wote dukani. Mwanzia alivua kofia. Nyanyako alishika kidevu, ikaisha, akasema, "Huyo ndiye aliyenioa," akaingia ndani, na sikumfuata. Ayub alikuwa tayari ameshaanza kupima waya.

"Baba, Alhamisi tunafunga spika kwenye mti, unakaa kwenye kiti kama bwana, yeye anauza."

"Yule hajui ng'ombe," nikamwambia.

"Baba, ni sauti yako!"

"Ayub, ni sauti yangu, lakini aliyemo ndani si mimi. Mnunuzi akimtukana atajibu nini?"

Usinielewe vibaya, mwanangu. Kazi yako ni kubwa na nimejivuna mpaka majirani wamechoka. Lakini yule bwana wa ndani ya pipa hajakohoa damu kwenye kanzu ya Idd. Hajasimama juu akachekwa. Simtaki akae mahali pangu.

Basi Alhamisi nilikwenda mwenyewe. Matope mpaka kwenye vifundo. Nikamnyang'anya Mwanzia kengele, nikapanda. Walikuwepo wanunuzi kama sitini, na fahali mwekundu wa Ndara mwenye pembe moja imelala. Nikaanza kumtangaza. Hakuna aliyesikia. Wanaongea, ng'ombe wanalia, lori linanguruma. Mwanzia akaja pembeni yangu.

"Sema polepole, mimi nitarudia kwa nguvu."

"Ukinirudia, Mwanzia, wallahi nitakuuza wewe. Na hutafika bei ya huyu."

Nikaendelea. Kule nyuma alikuwepo Mama Syombua, yule mnunuzi wa Mtito, sauti yake inavunja vikombe.

"Mzee! Ongeza sauti!"

"Sogea," nikasema.

"Ati nini?"

Nikampungia mkono. "Sogea, mama."

Akasogea. Akayakanyaga yale matope na viatu vyake vizuri, akitukana kila hatua. Aliyekuwa nyuma yake akasogea asije akapitwa na bei. Wengine nao. Mwenye lori akazima injini, akashuka. Walisogea mpaka nikanusa tumbaku yao, na ikawa mtu akitaka kuongea na mwenzake anasutwa kwa macho. Nilimuuza fahali yule kwa mkwaruzo, Sumayya, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na mtu wa mwisho alisikia.

Usidhani ilikuwa sherehe. Niliuza tisa, na zamani ningeuza thelathini. Jioni sikuweza hata kusema chumvi, nikarudia kikaratasi. Wawili waliondoka wakisema mzee amekwisha. Alhamisi inayofuata nilipanda tena, na wao walikuwepo, wamesimama mbele kabisa.

Kaseti yako inarudi humu. Nilikwenda nayo mnadani, nimerekodi juu yake. Yule bwana wa pipa nimemfuta, nisamehe. Mahali pake utasikia mvua, matope, Mama Syombua akinikaripia, na mimi. Iweke kwenye kompyuta, ipime upendavyo, lakini usiisafishe. Na huyo Donald akisema hasikii vizuri, mwambie asogee.

Bwanaheri, dalali wa Voi